Mwanzi Mkubwa Hutunzwa kwa Panga

Katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, mche wa mwanzi mkubwa huuzwa ukiwa mnyonge kabisa: vijiti vitatu vyembamba kuliko kidole, majani machache, kiriba cheusi. Anayeununua mara nyingi amekwisha kusikia moja kati ya habari mbili. Ya kwanza inasema mwanzi ni mmea wa kupanda na kusahau. Hauhitaji dawa wala fundi, utajikulia wenyewe hadi ulizibe ghorofa la jirani. Ya pili inasema usithubutu, maana utatambaa chini kwa chini, upasue msingi wa nyumba, ukaushe kisima na kuwakaribisha nyoka. Habari hizi zinapingana, lakini zina kosa moja: zote zinamfanya mwenye bustani kuwa mtazamaji. Hoja yangu ni kwamba mwanzi mkubwa wa pambo haudumu na uzuri wake bila kukatwa kila mwaka, na kwamba karibu kila lawama unayotupiwa ni lawama ya mwanzi ambao haukukatwa, au uliopandwa mahali ambapo hata panga lisingeuokoa.

Ili kuona kwa nini panga lina uzito huo, sharti kwanza kujua mwanzi unavyokua, kwa sababu haukui kama mti. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mpunga na miwa. Mti huongeza unene mwaka hadi mwaka; shina la mwanzi haliongezi hata kidogo. Huchomoza ardhini likiwa na unene wake wote wa maisha, limevikwa magamba magumu, kisha hupanda juu kwa kasi ya kushangaza. Aina inayoitwa kitaalamu Dendrocalamus giganteus, ambayo asili yake ni Myanmar, Thailand na kusini-magharibi mwa China, hufika mita 25 hadi 30, na shina lake huwa na kipenyo cha sentimita 15 hadi 25. Urefu huo hukamilika ndani ya miezi michache ya msimu mmoja. Katika siku nzuri za mvua chipukizi laweza kupanda zaidi ya sentimita 30 kwa saa 24. Baada ya hapo hakuna kurefuka wala kunenepa tena. Shina hutoa matawi na majani, hukomaa na kuwa gumu kwa miaka mitatu hadi mitano, huchakaa, na mwisho hukauka likiwa bado limesimama. Kinachokua mwaka baada ya mwaka kimefichika udongoni: ni tunguu, yaani shina la chini ya ardhi linalotambaa na kugawanyika kama tangawizi, na ndilo ghala la chakula cha mmea mzima. Akiba ikiwa ndogo, machipukizi huwa membamba; akiba ikiongezeka, ya mwaka unaofuata huwa manene zaidi na marefu zaidi. Kichaka huhitaji miaka saba hadi kumi kabla ya kutoa mashina ya ukubwa unaotajwa vitabuni. Kwa hiyo anayepima mwanzi kwa kuutazama ndani ya kiriba hajaona kitu, na vile vijiti vitatu alivyolipia havitanenepa kamwe. Vitakufa vikiwa vyembamba vilevile huku wadogo zao wakiwapita.

Swali la pili ni mwanzi gani, na hapa ndipo biashara ya miche inapowachanganya watu zaidi. Kuna makundi mawili makubwa, na tofauti yake ni jinsi tunguu linavyosafiri. Kundi la kwanza lina matunguu mafupi na manene yanayopinda kwenda juu mara moja, hivyo mashina hukaa pamoja na kichaka hupanuka taratibu kwenye ukingo wake. Humo ndimo zilimo Dendrocalamus giganteus, ndugu yake Dendrocalamus asper, na Bambusa vulgaris, mwanzi uliozoeleka kote katika nchi za joto. Aina ya njano yenye michirizi ya kijani, ambayo wengi wameiona mbele ya hoteli na maofisi, ni ya hiyo Bambusa vulgaris. Hufika mita 10 hadi 20. Kundi la pili lina matunguu marefu na membamba yanayokimbia mlalo mita kadhaa kabla ya kuchomoza. Mianzi mingi ya China na Japani ya jenasi ya Phyllostachys ni ya namna hiyo, nayo ndiyo iliyowapa taabu wenye bustani huko Marekani na Uingereza, hadi watu wakashitakiana. Sifa mbaya ya kundi hili la pili imevuka bahari na kuliangukia kundi la kwanza lisilo na hatia. Muuzaji asiyeweza kusema mche wake ni wa kundi gani hafai kupewa pesa. (Kile kijiti cha kijani kinachosimamishwa kwenye glasi ya maji na kuuzwa kama mwanzi wa bahati si mwanzi kabisa, ni Dracaena, na asili yake ni Afrika ya Kati, si China.)

Tunayo pia mianzi yetu wenyewe. Ule wa milimani, Oldeania alpina, ambao jina lake la kisayansi limetokana na mlima Oldeani karibu na Ngorongoro, hufunika miteremko ya Aberdare, Mau, Mlima Kenya, Elgon na Rungwe, kwa kawaida juu ya mita 2,200. Ukiushusha pwani utateseka. Ule wa nchi kavu kidogo, Oxytenanthera, ndio wanaougema watu wa Iringa na Njombe kupata pombe ya ulanzi. Huvumilia ukame kuliko wageni wote niliowataja. Anayetaka mmea wa asili ya hapa anaweza kuupanda bila majuto, ila asitarajie nguzo za mita 25.

Sasa turudi kwenye panga. Kwa kuwa mashina ya kundi la kwanza huchomoza kwenye ukingo wa nje, katikati ya kichaka hubaki mashina ya zamani. Yasipoondolewa hukauka hapohapo, hulaliana, hushikana kwa matawi, na machipukizi mapya hujikuta yakisukumwa nje zaidi au yakipinda kutafuta upenyo. Baada ya miaka kumi na mitano ya kusahauliwa unapata ngome ambayo hata mkono haupenyi: ndani kijivu na kukavu, nje kijani, juu kukiwa na vichwa vizito vilivyoinama kila upande. Hiki ndicho kichaka kinachochukiwa. Kinaficha panya, kinashika moto kiangazi, kinaangusha mashina juu ya mabati siku ya upepo, na hakina tena sura iliyomfanya mtu aupende mwanzi: nguzo safi zilizoachana, mwanga ukipita katikati yake. Nguzo hizo si zawadi ya mmea wenyewe, bali ni matokeo ya mtu kutoa kila mwaka yale mashina yaliyokwisha kufanya kazi yake. Shina lenye zaidi ya miaka minne huchangia kidogo tu katika akiba ya tunguu, na likiondolewa, mmea haupotezi kitu cha maana, ila nafasi na mwanga huongezeka.

Kuna ushahidi wa jambo hili katika kiwango kikubwa kuliko bustani. Katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu ya umma. Nia ilikuwa njema, maana misitu ya Aberdare na Mau ni vyanzo vya mito na ukataji holela ulikuwa unatisha. Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu wa misitu wamekuwa wakieleza kwamba mahali ambapo hakuna mkono unaopunguza, mashina yaliyozeeka husongamana, huoza na kuwaangukia wadogo. Upande wa pili kuna vichaka vya ulanzi vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kila masika mgema hukata ncha ya chipukizi na kurudi kuikata tena asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutiririka, na chipukizi lililogemwa haliwi shina tena. Ni mavuno makali kuliko bustani yoyote ya pambo itakavyowahi kuyaona, lakini vichaka hivyo hurithiwa. Siri iko kwenye kipimo: mgema anayejua kazi huyaacha baadhi ya machipukizi yapande, kwa kuwa akiyamaliza yote mwaka huu hatakuwa na ghala la kulisha ya mwaka ujao. Mifano hii miwili, ikisomwa pamoja, inaonyesha kwamba mwanzi hauumizwi na kukatwa. Unaumizwa na kuachwa kabisa, au na kukatwa vitoto na kuachiwa wazee.

Kwa hiyo anayekata ajue umri. Shina la mwaka wa kwanza huwa na unga mweupe na mara nyingi mabaki ya magamba kwenye vifundo. La miaka minne huwa limefifia rangi na kuota madoa ya ukungu. Njia ya uhakika zaidi ni ya kizembe kidogo: kila mwaka, mvua zikiisha, weka alama ya rangi kwenye mashina mapya, rangi moja kwa mwaka mmoja. Kisha kiangazi kinapoiva, kabla ya machipukizi kuanza, ondoa yaliyofikisha miaka minne au mitano pamoja na yaliyokufa, bila kuzidi theluthi ya kichaka kwa mara moja. Ikiwa kichaka tayari ni ngome, fungua mlango upande mmoja hadi katikati, ili umbo lake kwa juu lifanane na kiatu cha farasi, na ufanyie kazi ndani badala ya kunyoa pembeni. Wengi hunyoa pembeni kwa sababu ni rahisi, na kwa kufanya hivyo huua vijana na kuwahifadhi wazee. Panga linafaa kwa matawi, lakini shina nene likatwe kwa msumeno, kwa sababu panga hulipasua, na shina la mita 25 linaloanguka likiwa limepasuka nusu ni hatari. Vaa mikono mirefu, kwani magamba ya Dendrocalamus yana vinyweleo vya kahawia vinavyowasha ngozi kwa muda mrefu.

Jambo moja dogo lina uzito wa afya ya umma. Shina likatwe juu kidogo tu ya kifundo. Likikatwa katikati ya pingili, kisiki hubaki kikombe, na mvua ya kwanza hukijaza maji. Mbu wa jamii ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue, huzaliana vizuri sana katika vikombe vya namna hiyo. Watafiti wa mbu wamewahi kutumia vipande vya mwanzi vyenye maji kama mitego ya kuwatagisha. Kwa mji kama Dar es Salaam, uliopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, visiki ishirini vilivyokatwa ovyo nyuma ya nyumba ni mzaha mbaya kwa mtaa mzima.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu ni la ukuta. Je, hata wa kundi la kwanza hautapasua msingi? Mizizi yenyewe ya mwanzi ni myembamba kama nyuzi, nayo hainenepi, kwa hiyo haifanyi kazi ya kabari kama mizizi ya mkuyu. Matunguu ndiyo yenye nguvu, na yakibanwa kati ya kichaka na ukuta wa tofali yatausukuma. Kinga yake ni umbali. Kichaka kilichokomaa cha Dendrocalamus giganteus huchukua mita tatu au nne chini, na juu vichwa vyake hutanda mita kumi au zaidi. Kiweke mita sita kutoka nyumba na ukuta, na mbali na nyaya za umeme kwa kadiri ya urefu wake wote. Ukishapiga hesabu hiyo utaona kwamba kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, kikishajengwa nyumba, shimo la maji taka na maegesho, hakina mahali pa mmea huu. Hapa sina la kumtetea: mwenye kiwanja cha namna hiyo asiupande, hata akiwa na mapanga kumi. Achukue Bambusa multiplex, ambayo kwa kawaida huishia mita tatu hadi saba na hukubali kukatwa kama ua la michongoma. Mwanzi mkubwa ni wa uwanja wa shule, wa kanisa au msikiti wenye eneo, wa hoteli, wa shamba lenye bonde. Kando ya mto katika msitu wa Karura jijini Nairobi unaweza kuonekana ukiwa na nafasi yake, na hapo hakuna anayeulalamikia.

Kuhusu nyoka, kukanusha moja kwa moja kusingekuwa kweli. Pwani yetu ina mamba wa kijani, nyoka wa mitini anayependa miembe na mikorosho yenye majani mazito, na hakuna sababu ya kudhani ataukwepa mwanzi uliosongamana. Lakini anachofuata ni maficho na chakula. Kichaka kilichopunguzwa, kilichoondolewa matawi ya chini hadi kimo cha mtu, kisichofanywa jalala la mabaki ya jikoni yanayoita panya, hakimpi vyote viwili. Mwembe usiopogolewa unampa, na sijasikia mtu akishauri miembe ing'olewe.

Lawama ya maji nayo ina ukweli nusu. Mmea wenye majani mengi ya kijani mwaka mzima hauwezi kuishi kwa umande. Mwanzi hunywa maji mengi, na katika miaka miwili ya kwanza hudai kumwagiliwa kiangazi. Nchini Kenya umekuwa ukipendekezwa kupandwa kando ya mito mahali pa mikaratusi, na wengine wakaelewa kwamba haunywi maji. Unapendekezwa zaidi kwa sababu mizizi yake mingi, iliyo karibu na uso wa ardhi, hushika udongo wa ukingo, na majani yake yaliyoanguka hufunika ardhi isikauke wala kumomonyoka. Usiupande kando ya kisima kifupi, na majani yanayoanguka usiyachome. Ni matandazo yake wenyewe. Kwenye mifereji ya paa, hata hivyo, majani hayohayo ni kero, na ni sababu nyingine ya zile mita sita.

Mwisho kuna hofu ya maua. Mianzi mingi huchanua mara moja baada ya miongo kadhaa, kisha hufa. Huko Mizoram, India, aina ya Melocanna baccifera huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Mbegu zake huzalisha panya kwa wingi, panya humaliza mazao, na njaa ya mwaka 1959 ilitokana na hali hiyo. Bustani zetu haziko katika hatari ya namna hiyo, kwani Bambusa vulgaris huchanua kwa nadra sana. Lakini kuna jambo ambalo wauza miche hawalitaji. Miche mingi hutokana na vipande vya shina la mama mmoja, kwa hiyo umri wake halisi ni ule wa mama, si wa kiriba. Mtaa mzima ulionunua kutoka kitalu kimoja unaweza kuona mianzi yake ikichanua na kufa kwa pamoja. Anayepanda vichaka vitatu angefanya vyema kuvipata kutoka vyanzo vitatu.

Kukata kila mwaka huleta swali la mahali pa kupeleka mashina, na baadhi ya watu huacha kukata kwa sababu hiyo tu. Yanafaa kuegemeza migomba yenye mikungu mizito, kutengenezea kichanja, uzio, kibanda cha kivuli, hata ngazi. Matenga ya nyanya ya Nyanda za Juu Kusini husukwa kwa mianzi, na katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilikuwa na mradi uliopeleka maji vijijini kwa mabomba ya mianzi. Adui yake ni wadudu wanaobungua, nao hufuata wanga. Shina changa, au lililokatwa wakati wa mvua, litageuka unga mbele ya macho yako. Lililokomaa, likikatwa kiangazi na kuloweshwa katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kisha kukaushwa kivulini bila kugusa ardhi, hudumu miaka mingi chini ya paa. Ahadi za utajiri wa mianzi zinazozagaa siku hizi ni jambo jingine, nami nisingemshauri mtu kupanda bustani kwa kuzitegemea.

Na kama baada ya yote haya mwenye nyumba ataamua hautaki tena, njia iko, ila si ya siku moja. Hukatwa mashina yote, kisha kila chipukizi linalochomoza huvunjwa likiwa bado laini, masika baada ya masika, hadi akiba ya tunguu iishe. Kwa kawaida hilo huchukua misimu miwili au mitatu. Asiye na subira huchimba. Kichaka cha miaka mitano watu wawili wenye sururu na shoka watakimaliza. Cha miaka ishirini huhitaji katapila, nalo huhitaji lango pana la kupitia, jambo ambalo ni vizuri likafikiriwa siku ya kununua kile kiriba.